Difu Iliyosingiziwa: Milio Mitatu ya Nyuma kwenye MGB GT ya 1972

Ami aliingia gereji asubuhi na gari lake la kijani, akaliacha likinguruma mlangoni bila kuzima injini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijamuuliza hali akatoa neno moja: "Difu." Yaani lile bumba la gia katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawia magurudumu mawili nguvu ya injini.

"Nani kasema difu, Ami?"

"Wote."

Hao wote walikuwa mafundi wawili na jirani yake mmoja aliyewahi kuendesha lori. Gereji ya mwisho ilimwandikia kabisa kwenye karatasi kwamba difu imekufa na inatakiwa nyingine. Ami alikuwa keshapata mtu Uingereza wa kumuuzia ekseli nzima iliyotumika, kilichobaki ni kutuma pesa. Mjukuu wake ndiye aliyemshauri apite kwanza kwangu hapa Mombasa. Sijui kama nimshukuru kijana huyo au nimlaumu, maana gari lilikaa nami wiki saba, nyingi zikiwa za kungoja spea.

Kwa wasiolijua: MGB ni gari dogo la michezo lililotengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya nusu milioni yalitoka. GT ni lile lenye paa la bati na mlango wa nyuma wa kunyanyua, lilianza 1965. Chini yake nyuma hakuna maajabu. Ni ekseli ngumu ya kipande kimoja, kama ya pikapu, imelala juu ya springi za mabamba, difu katikati. Lakini lile paa ndilo balaa. Chumba cha nyuma cha GT ni kama ngoma: mlio ukipigwa chini kushoto, dereva atakuapia umetoka kulia, au katikati, au kwenye kiti chake. Lililo wazi juu halidanganyi kiasi hicho.

Nilimwomba Ami asiniambie ni kitu gani kinalia. Aniambie kinalia lini. Akafikiri, akanihesabia kwa vidole. Kwanza, akiachia klachi kuondoka, na zaidi akitia rivasi, kuna kugonga: ko! Pili, akifika maili 50 kwa saa (spidomita yake ni ya maili, gari limetoka Uingereza), nyuma kunavuma, na mvumo hauondoki. Tatu, akienda polepole, hasa akikata kona ya kuingia nyumbani kwake, anasikia tik, tik, tik.

Milio mitatu, na mafundi wote wameitia kwenye kapu moja. Naelewa kwa nini. Difu imefungwa, haionekani, bei yake ni kubwa, na mwenye gari hana la kubisha. Ukimwambia mtu nati imelegea atakuuliza ipi. Ukimwambia difu, atanyamaza aanze kuhesabu pesa.

Tulitoka naye alasiri, tukavuka Mtwapa tukishika njia ya Malindi, mpaka kule ambako barabara inanyooka katikati ya mashamba ya mkonge. Mimi niliendesha, Ami kando, na kijana wangu wa gereji kajikunja kwenye kile kinachoitwa kiti cha nyuma, sikio karibu na sakafu, simu mkononi.

Mvumo ulikuja kama alivyosema, maili 50. Jaribio la kwanza lilikuwa bure kabisa, kwa sababu gari lilikuwa na overidraivu. Hii ni gia ya ziada nyuma ya giaboksi, unaiita kwa kijiti kando ya usukani, nayo inapunguza mizunguko ya injini bila kugusa mwendo wa gari. Kwenye gia ya nne, maili 50 ni mizunguko kama 2,800 kwa dakika. Ukiweka overidraivu, injini inashuka hadi kama 2,300, lakini propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), difu na magurudumu yanazunguka vilevile. Niliiweka, nikaitoa, nikaiweka tena, mwendo ni uleule. Sauti ya injini ilibadilika, mvumo haukutikisika. Nikaweka gia huru, gari likateleza kwa uzito wake, nao ukaendelea. Basi injini na giaboksi tukaziaga hapo.

Jaribio la pili lilikuwa la mguu. Meno ya difu yana nyuso mbili: uso mmoja unabeba unapokanyaga mafuta, wa pili unapoachia gari lijivute. Difu ambayo meno yake yameharibika hubadilisha sauti mguu unapobadilika. Italia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, au itaimba pale katikati ambapo huvuti wala huvutwi. Nilikanyaga. Nikaachia. Nikashika katikati. Mvumo haukuonyesha hata dalili ya kunisikia.

Hapo kijana akainua kichwa. "Fundi, hii sauti ni nene mno kuwa difu." Alikuwa na programu ya simu inayochora sauti kwa mawimbi. Tukafanya hesabu palepale. Difu ya gari hili ni 3.909, yaani krauni, gia kubwa ya ndani, ina meno 43, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ina 11. Propela ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, meno ya pinioni yanagusana na krauni zaidi ya mara 500 kila sekunde. Difu inayolia kwenye mwendo huo italia kwa sauti ya kati, kama mtu anayepiga mluzi mnene puani. Kwenye simu, mlima mkubwa ulikuwa chini kabisa, haukufika hata mara 100 kwa sekunde. Gurudumu lenyewe kwa mwendo huo huzunguka kama mara 12 kwa sekunde. Sauti nene namna ile inanuka beringi ya gurudumu, au tairi.

Nikasema tairi, na hapo nilikosea. Matairi ya nyuma yalikuwa yamelika kwa mawimbi, ukipitisha kiganja unayahisi. Asubuhi iliyofuata tuliyaongeza upepo, tukarudi barabara ileile. Mvumo ulikuwa palepale, nyuma, kwa sauti ileile. Nusu siku ikapotea. Jaribio ambalo ningelianza nalo ndilo nililolifanya mwisho: barabara ilipokuwa tupu, nililiyumbisha gari taratibu kulia na kushoto. Ukikata kulia, uzito unahamia magurudumu ya kushoto. Nilipokata kulia mvumo ulipanda. Nilipokata kushoto ulikaribia kufa. Mimi masikio yangu yote yalikuwa yanasema kulia.

Tukarudi gereji. Nilizuia magurudumu ya mbele kwa matofali, nikainua nyuma, nikaliketisha gari kwenye stendi zilizowekwa chini ya ekseli yenyewe, si chini ya bodi, ili springi zibaki zimebeba kama barabarani. Nikatoa chaki.

Kugonga kwa nyuma ya gari ni jumla ya vinafasi. Kila kiungo kikiwa na kanafasi kake, ukiachia klachi vyote vinafungwa kwa mpigo mmoja na wewe unasikia ko! moja. Kwa hiyo swali halikuwa ni wapi panagonga, bali kila mahali panachangia kiasi gani. Nilichora mistari mitatu. Mmoja kwenye krosi ya nyuma ya propela, kile kiungo kinachoiruhusu ipinde, ukikatiza pande zake zote mbili. Wa pili kwenye sahani ya pinioni, pale propela inapofungwa na difu, ukiendelea hadi kwenye mwili wa difu. Wa tatu ndio ninaoupenda: gari lina magurudumu ya spoku, na kwa katikati ya spoku unaweza kupenyeza chaki ukachora mstari mmoja kuanzia kwenye kikombe cha gurudumu hadi kwenye drami ya breki iliyo nyuma yake.

Kisha hendibreki juu mpaka mwisho. Hendibreki inashika drami, na drami imefungwa kwenye habu, kitovu kinachobeba gurudumu. Kwa hiyo kinachocheza nje ya drami ni gurudumu peke yake, na kinachocheza ukizungusha pinioni ni cha ndani ya ekseli peke yake. Mafundi wengi hushika gurudumu, wakalitikisa, wakasikia ndani kunagonga, wakasema difu. Wamepima vitu vitatu kwa mkono mmoja.

Kijana alishika gurudumu la kushoto, akalisukuma mbele na nyuma. Mstari wangu wa chaki ukakatika. Kipande cha juu ya gurudumu kinakwenda, kipande cha juu ya drami kimesimama, vinapishana waziwazi, na kila vikipishana: tik. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Huyo ndiye wa nyumbani kwangu."

Gurudumu la spoku la gari hili halifungwi kwa nati nne. Lina meno kwa ndani yanayoingia kwenye meno ya habu, kisha nati moja kubwa ya katikati inalibana. Nati hiyo hupigwa kwa nyundo ya shaba au ya risasi, na upande wa kushoto wa gari hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa, wa kulia kwa kufuata mshale. Hiyo ndiyo sababu habu za kushoto na kulia hazibadilishani: ukizipishanisha, gurudumu litaifungua nati yake lenyewe njiani. Nilipolitoa la kushoto, vumbi jekundu kama la tofali lilimwagika sakafuni. Hicho ni chuma kilichokuwa kikisagana kikavu, bila grisi. Meno ya habu, ambayo yanatakiwa yawe butu juu, yalikuwa yamechongoka kama ya papa. Na katikati ya meno hayo mtu alikuwa ameingiza kipande cha bati la kopo la soda ili kuziba nafasi. Nimekihifadhi. La kulia lilikuwa limeanza, halijafika hapo.

Zamu ya pinioni. Hendibreki ingali juu, gia huru, nikalala chini nikaishika sahani kwa mikono miwili. Ilizunguka bure kutoka kwenye 12 ya uso wa saa hadi nusu ya njia kati ya 1 na 2, ndipo ikagota. Hiyo ni nyingi. Kwa hiyo difu haikuwa malaika, nami nilimwambia Ami hivyohivyo. Krosi ya propela ilikuwa nzima, ila nati moja kati ya nne za sahani ilikubali karibu nusu mzunguko wa spana. Nilikaza. Yuboliti za springi, bushi na mikono ya shokapu niliyapitia haraka, hayakuwa na neno.

Sasa kuna nafasi ndani ya difu na kuna difu iliyokufa, na si kitu kimoja. Ndani ya krauni kuna gia nne ndogo: mbili zimeshika hafu shafti, zile fimbo zinazozungusha magurudumu ya kushoto na kulia, mbili zinazunguka juu ya pini zikiwagawia nguvu. Nyuma ya kila gia kuna washa, kipete chembamba, inayoisogeza mbele ili meno yakumbatiane vizuri. Kwenye MGB washa hizi hulika, ni ugonjwa wake wa kuzaliwa. Zikilika, gia zinarudi nyuma, meno yanaachiana, na nafasi inazaliwa. Inagonga, inaudhi, lakini gari linaweza kwenda nayo miaka. Meno ya krauni na pinioni hayahusiki hata kidogo.

Ekseli ya aina hii, ile ya mirija, ina kifuniko nyuma. Nilimwaga mafuta kwanza. Inachukua lita 0.85 tu, lakini kilichotoka hakikufika nusu lita, cheusi, chenye vijichembe vya rangi ya kahawia ndani yake. Nilipofungua kifuniko nikaangaza tochi, krauni iling'aa safi, meno yote na alama ya kugusana iko katikati. Sikuigusa. Krauni na pinioni hiyo zimezoeana zaidi ya miaka 50, na kuitoa difu hii kwenye nyumba yake kunadai kifaa maalumu cha kuipanua nyumba kidogo. Anayeitoa kwa mtaimbo anaiharibu. Washa, kwa upande mwingine, zinabadilishwa gari likiwa limesimama palepale. Unavuta hafu shafti nje kiasi, unagonga kijipini cha kufungia, unatoa pini kubwa, unazungusha gia zinatoka kwa tundu la kifuniko moja baada ya nyingine. Washa ya kwanza niliyoitoa ilikuwa nyembamba kama ukucha, upande mmoja imetoboka.

Mafuta yalikwenda wapi? Jibu lilikuwa kwenye breki. Nilifungua nati ya hafu shafti ya kushoto, nikavuta habu na drami, viatu vya breki vilikuwa vimelowa. Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kupumulia. Mtu mwenye nia njema alipiga rangi nyeusi ya kuzuia kutu chini ya gari lote, jambo jema kwa hewa yetu ya chumvi, akalipiga na lile tundu. Ekseli ikipata moto hewa ya ndani inavimba, haina pa kutokea, inasukuma mafuta kupitia sili. Nililizibua kwa waya. Kazi ya dakika moja.

Na beringi ya kushoto ndiyo iliyonipa raha ya kisa chote. Niliiosha kwa petroli, nikaizungusha kwa kidole: ilikwaruza. Kisha nikaiweka juani na kutazama njia ya gololi. Palikuwa na madoa meusi, yamepangika duara kama shanga kwenye uzi, umbali kati ya doa na doa ni sawasawa na umbali wa gololi na gololi.

"Ami, gari hili liliwahi kulala muda mrefu?"

Akacheka. "Miaka sita. Nilipokuwa Muscat kwa mwanangu."

Miaka sita gari limesimama, gololi hazikusogea hata unywele, unyevu ukajikusanya pale kila gololi ilipogusa chuma, kutu ikala mashimo yake madogo. Siku lilipoamka, kila gololi ikaanza kupita juu ya kila shimo. Gari likiwa juu ya stendi huwezi kuusikia mvumo huo vizuri, kwa sababu beringi haijabeba kitu. Nilijaribu kwa bisibisi ndefu sikioni kabla ya kufungua, kushoto na kulia zilinong'ona sawa. Ndiyo maana kule kuyumba barabarani kulikuwa na thamani kuliko vifaa vyangu vyote.

Spea za MGB bado zinatengenezwa mpya Uingereza, hata bodi nzima. Tuliagiza habu mbili, magurudumu mawili ya nyuma (kufunga gurudumu la zamani kwenye habu mpya ni kuila ile mpya), beringi na sili za pande zote mbili, seti ya washa na kijipini kipya. Bei yote ilikuwa chini ya ekseli ile iliyotumika, ambayo huenda nayo ingefika na washa zake zimelika.

Nilitaka nibadilishe kitu kimoja, niendeshe, ndipo nije kwenye kingine. Haikuwezekana kikamilifu, kwa sababu habu na beringi hutoka kwa kazi moja. Zilipoingia, na nati ya hafu shafti kukazwa kwa nguvu yake ya pauni-futi 150, tulirudi njia ya Malindi. Tik-tik ilikuwa imekwisha. Mvumo umekwisha. Na ko! ilikuwa imepungua sana, nusu au zaidi, wakati ndani ya difu bado kuna washa zilezile zilizotoboka, nilizozirudisha makusudi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ile difu iliyokufa ilikuwa ni gurudumu. Wiki iliyofuata niliingiza washa mpya, nikatia mafuta mapya, nikaishika tena sahani ya pinioni. Safari hii kutoka kwenye 12 haikufika kwenye 1.

Ami alikuja kulichukua siku ya Alhamisi. Alilipa, akaingia, akageuza ufunguo nusu bila kuwasha, akakaa kimya akisikiliza. Uso ukambadilika.

"Bado inalia. Tik tik tik, huko nyuma kulia. Na sijaondoka hata!"

Nikainama dirishani nikasikiliza naye. Mlio ulienda mara nane, tisa, ukapungua kasi, ukanyamaza.

"Hiyo ni pampu ya petroli, Ami. Inajaza kabureta. Ikinyamaza tu, washa injini."

Akanitazama kwa muda. "Kumbe ndiyo hii niliyokuwa nikiisikia nikikata kona ya nyumbani?"

"Hapana. Ile ilikuwa papa."

Hakuelewa papa gani. Akawasha, akatia rivasi, akaachia klachi polepole sana kama mtu anayekanyaga maji asiyojua kina chake, na gari likarudi nyuma hadi barabarani.